Ulaya Julai 18 hadi Agosti 1, watu sita: Roma, Santorini au Slovenia?

MamaWatatu

Habari za humu ndani. Tunapanga likizo ya familia Ulaya kuanzia Jumamosi Julai 18 hadi Jumamosi Agosti 1, yaani usiku 14. Tarehe haziwezi kusogea kwa sababu ya shule.

Tuko sita: mimi na mume wangu, mama mkwe wa miaka 71 ambaye magoti yake hayataki ngazi, na watoto wa miaka 13, 8 na 3. Tunataka bahari kwa sehemu ya safari, na kitu cha kumtoa mkubwa kwenye simu. Kuhama malazi mara moja tu. Mume wangu ataendesha gari ikibidi.

Orodha yetu hadi sasa ni Roma pamoja na Venice, Santorini, Barcelona, na Slovenia iliyopendekezwa na rafiki. Ninaomba wanaojua waniambie ipi ifutwe na kwa nini. Na kama tukichanganya nchi mbili, viza tunaomba kwa nani?

---

Ramani_Mkononi

Karibu, MamaWatatu. Kwa tarehe hizo usianze na jina la mji. Anza na kipimajoto, kisha ngazi, kisha vitanda. Orodha itajipunguza yenyewe.

Roma: wastani wa joto la mchana mwezi Julai ni kama nyuzi 31 au 32, na wimbi la joto likiingia hupanda hadi 38 na zaidi. Vivutio vyake vingi viko juani, mawe yamerudisha joto tangu asubuhi, na mtoto wa miaka mitatu ana saa mbili tu za kutembea kabla ya kukataa. Athens ni kali zaidi: Julai 2023 na tena 2024 Akropolisi ilifungwa siku kadhaa katika saa za jua kali la mchana kwa sababu ya joto. Kama safari nzima imejengwa juu ya magofu, siku kama hizo zinaivunja.

Santorini ifute kwa ajili ya mama. Vijiji vya ukingoni, Fira na Oia, ni ngazi juu ya ngazi. Kigari cha mtoto hakina kazi pale. Fukwe zake kubwa zina mchanga mweusi ambao mchana hauwezi kukanyagika bila viatu. Halafu kuna meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma Bahari ya Aegean Julai na Agosti. Ukiwa mkali, mamlaka za bandari huzuia vivuko, na boti ziendazo kasi ndizo husimama kwanza. Mwenye ndege ya kuunganisha Athens siku hiyohiyo anaweza kuikosa. Mtu akitaka Ugiriki na watoto wakati huu, aangalie upande wa magharibi, Corfu au Kefalonia, ambako upepo ni mpole zaidi.

Barcelona si mbaya, ila usiku una unyevu mwingi na ufukwe wa mjini unajaa mapema. Hispania ya kaskazini ingewafaa zaidi: San Sebastián mchana ni nyuzi 24 au 25 na maji kama 21. Kasoro yake ni mvua, tena maji kujaa na kupwa kunatofautiana sana. Ufukwe wa La Concha maji yakijaa hubaki kipande chembamba, kwa hiyo ratiba ya maji lazima uwe nayo.

Pendekezo langu: wiki ya kwanza Slovenia, milimani, Bohinj au Bled. Wiki ya pili baharini kaskazini mwa Adriatiki. Ziwa Bohinj liko mita 525 juu ya usawa wa bahari, mchana ni nyuzi 23 hadi 26, na usiku unalala bila kiyoyozi. Mkubwa atapata kayaki na gari la kebo la Vogel linalopanda hadi mita 1,535. Lipandeni asubuhi. Radi za milimani huja alasiri, na kebo husimamishwa. Mama ana njia ya kuzunguka Ziwa Bled, kilomita 6, tambarare, yenye mabenchi. Asipelekwe maporomoko ya Savica (ngazi zaidi ya 500), na kisiwani Bled ajue kuna ngazi 99 kutoka gatini hadi kanisani. Anaweza kubaki chini.

Jambo ambalo halipewi uzito: kupe. Slovenia ni eneo la ugonjwa wa ubongo unaoenezwa na kupe. Chanjo ipo, ila dozi mbili za mwanzo hupishana mwezi mmoja hadi mitatu, kwa hiyo muulizeni daktari kabla ya Aprili. Soksi ndefu kwenye majani, na kila jioni kagueni nyuma ya magoti, kinena na mstari wa nywele.

---

Kaskazini_Kwanza

Ninakubaliana na Ramani kuhusu milima. Kuhusu bahari ninaongeza onyo: wengi wakisikia kaskazini mwa Adriatiki hukimbilia Istria, Kroatia. Maji ni safi ajabu, lakini pwani ni miamba na changarawe, na penye miamba kuna urchini, viumbe wa baharini wenye miiba. Kijana wa miaka 13 atafurahi akiwa na miwani ya kuzamia na viatu vya mpira. Wa miaka mitatu atakaa amekunja miguu.

Kwa umri wa watoto wako chagua Grado, upande wa Italia. Ufukwe ni wa mchanga, unatazama kusini, na maji hayana kina kwa hatua nyingi. Mji wenyewe ni tambarare kabisa, jambo ambalo mama atalishukuru. Maji mwishoni mwa Julai huwa karibu nyuzi 25. Siku ya mawingu nendeni Aquileia, kilomita kama 10 tu, mkaone sakafu ya basilika yenye mozaiki za karne ya 4.

Ufukwe wa Italia una utaratibu wake. Sehemu kubwa ni ya kulipia: mwavuli mmoja na vitanda viwili, kwa siku au kwa wiki, na safu ya mbele ni ghali kuliko za nyuma. Kwa watu sita mnahitaji miavuli miwili iliyo jirani, na hiyo huwekwa mapema. Pembeni huwa kuna kipande cha bure, spiaggia libera. Njooni na mwavuli wenu kabla ya saa tatu asubuhi. Dawa ya mbu pia ni lazima, kwa sababu Grado imezungukwa na wangwa, yaani maji ya bahari tulivu yasiyo na kina.

Tarehe zenu ni nzuri kuliko unavyodhani. Kilele cha likizo Italia ni wiki mbili zinazozunguka Ferragosto, sikukuu ya Agosti 15. Nyinyi mtakuwa mmeondoka.

Kama kuna msomaji mwingine ambaye tarehe zake zinasogea: nusu ya pili ya Agosti nenda Denmark au Uswidi. Shule zao hufunguliwa ndani ya Agosti, fukwe zinapungua watu. Maji ni nyuzi 17 hadi 20 tu. Nyumba za likizo za Denmark hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, mara nyingi bila shuka wala taulo, na umeme husomwa kwenye mita na kulipwa mwishoni. Soma mkataba kabla ya kusema ni rahisi.

---

Dereva_wa_Familia

Mko sita, na hapo ndipo mipango mingi huharibika.

Gari la viti saba halitawatosha. Safu ya tatu ikiinuliwa, nyuma hubaki nafasi ya mabegi mawili madogo, basi. Kodini gari la viti tisa. Leseni ya kawaida ya daraja B inaruhusu abiria wanane na dereva. Kimo chake ni karibu mita 2, na maegesho mengi ya chini ya ardhi yana kikomo cha mita 1.90 au 2, kwa hiyo ulizeni malazi kama maegesho yako nje. Gia za otomatiki kwa gari la ukubwa huo ni chache, agizeni miezi minne au mitano kabla. Dereva awe na kadi ya krediti yenye jina lake, yenye nafasi ya dhamana. Kadi ya benki ya kawaida hukataliwa kaunta mara nyingi. Andikeni kwenye mkataba kwamba gari litaingia Italia.

Viti vya watoto: Slovenia na Italia zote zinataka kiti maalumu kwa mtoto aliye chini ya sentimita 150. Mpime wa miaka 8, na hata wa 13 kama ni mfupi. Kukodi viti kaunta hulipiwa kwa siku kila kimoja. Kiti cha kuinulia cha wa miaka 8 ni chepesi, mnaweza kuja nacho.

Barabara kuu za Slovenia zinahitaji vinjeti, yaani kibali cha kulipia barabara, ya kielektroniki inayofungwa kwenye namba ya gari. Gari lililosajiliwa Slovenia kwa kawaida huwa nayo tayari. Thibitisheni kwa kutaja namba ya gari. Mkikodi Venice, nunueni wenyewe, na angalieni daraja: gari lenye kimo cha mita 1.30 au zaidi juu ya ekseli ya mbele ni 2B, ghali kuliko 2A. Ukinunua 2A kwa gari la 2B, bado ni kosa lenye faini.

Mijini Italia kuna maeneo ya ZTL, yasiyoruhusu magari yasiyo na kibali, yenye kamera. Hakuna kizuizi wala askari. Unapita tu, na faini inakuja miezi baadaye pamoja na gharama ya kampuni ya gari kutoa jina lako. Ramani ya simu haikuonyi kila mara. Mkienda Venice kwa siku moja, liacheni gari Mestre, upande wa bara, muingie kwa treni.

Bohinj hadi Grado ni karibu kilomita 200. Msiifanye kwa mkupuo. Pango la Postojna liko njiani: ziara ni saa moja na nusu, sehemu kubwa kwa treni ndogo, na ndani ni nyuzi 10 hata nje kukiwa na 33. Majaketi yawe juu ya mabegi, siyo chini. Tiketi ina saa maalumu, chukueni ya asubuhi. Pasi pia ziwe mkononi, kwa sababu tangu Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka huo, na Jumamosi foleni ipo.

---

Fundi_Viza

Kwenye viza kuna mtego kwenye mpango huu, dada, na unatibika.

Kanuni ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja: unaomba kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, ni ile ambayo mpaka wake wa nje mnavuka kwanza. Sasa mkigawa saba kwa saba na ndege ikapitia Frankfurt au Vienna, mnaanza mjadala usio na sababu. Gawanyeni nane kwa sita.

Hivi: Bohinj Julai 18 hadi 25, usiku saba. Grado Julai 25 hadi 31, usiku sita. Usiku wa mwisho, ingawa ni kuhama mara ya pili, lala karibu na uwanja wa ndege wa Ljubljana, ambao uko Brnik. Slovenia nane, Italia sita, ombi ni la Slovenia. Nyumba za Grado hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo huenda mkalipia usiku mmoja msioulala. Ulipeni. Jumamosi ya Agosti 1 ni kati ya siku mbaya kabisa za barabara Ulaya, Bavaria, jimbo la Ujerumani, nayo huanza likizo kipindi hichohicho, na mna karibu kilomita 150 hadi uwanjani.

Slovenia haina ubalozi kila mahali; nchi nyingine ya Schengen huiwakilisha, kwa hiyo tafuteni ni ipi kabla ya kujaza fomu. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Kwenu mlango unafunguka Januari 18. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, huweza kufika 45. Kinachochelewesha watu wa kiangazi ni nafasi ya miadi, kwa hiyo itafuteni Februari, siyo Mei.

Ada: euro 90 kwa mwenye miaka 12 na zaidi, 45 kwa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 hawalipi. Kwenu ni wanne mara 90, jumla 360, na wa miaka 8 euro 45: euro 405, kabla ya ada ya huduma ya kituo cha kupokelea. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000 kwa kila mtu, na ihesabu siku ya kutoka na ya kurudi. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Za watoto hukaguliwa kwa ukali uleule.

Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, picha tu, na hivyo ndivyo ilivyo pia kwenye mfumo mpya wa kuingia na kutoka ulioanza Oktoba 2025. Watu sita kwenye foleni hiyo huchukua muda: kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen acheni saa tatu kabla ya ndege inayofuata, na tiketi zote ziwe chini ya namba moja ya kuweka nafasi.

---

MamaWatatu

Asanteni sana. Nimefuta Santorini na Roma. Swali la mwisho: malazi. Grado naona hoteli zinasema "chumba cha familia", Bohinj naona nyumba. Kiyoyozi?

---

Ramani_Mkononi

Chumba cha familia kwa kawaida ni watu wanne, na mtoto wa miaka mitatu anahesabiwa. Usiweke nafasi ya wakubwa wawili halafu ukaja na watu zaidi. Mapokezi wana haki ya kukukatalia kwa sababu ya kanuni za moto. Chukua nyumba ya vyumba vitatu, au vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, na uandikiwe "vimethibitishwa", siyo "kwa maombi".

Bohinj kiyoyozi si lazima, ila uliza kama madirisha ya chumba cha watoto yana vyandarua. Grado ni lazima, na kiwe vyumbani, siyo sebuleni peke yake. Uliza pia lifti. Ulaya ghorofa ya chini ni sifuri, kwa hiyo "ghorofa ya 2" kwa mama ni kupanda mara mbili.

Kodi ya watalii mara nyingi haimo kwenye bei. Hulipwa mkifika, kwa kila mtu kwa kila usiku, na watoto wadogo husamehewa. Kuhusu Venice ya siku moja, kuna siku zilizotangazwa, Aprili hadi Julai, ambazo mgeni wa mchana hulipa kuingia kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi alasiri: euro 5 ukilipa mapema, 10 ukichelewa. Walio chini ya miaka 14 hawalipi, kwa hiyo watoto wako wote watatu wamo. Nenda Jumanne au Jumatano. Siku za kulipia nyingi ni kuanzia Ijumaa hadi Jumapili.