CR-V RD5 inanguruma nyuma nikikata kona, beringi mpya na mlio upo pale pale

Mama Trei (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Nina Honda CR-V RD5 ya 2003, injini K20A, ile ya 4WD. Kazi yake ni mayai. Natoka Uyole alfajiri, nashusha Mwanjelwa, siku nyingine nateremka mpaka Tukuyu. Siti za nyuma nimezilaza, trei zinapanda mpaka usawa wa kioo.

Tatizo ni hili: nikikunja usukani mpaka mwisho na kwenda polepole, hasa nikitoka kwenye maegesho au nikirudi nyuma, huku nyuma kunatoka mlio mzito wa kukokota, kama ng'ombe aliyefungwa mbali na ndama wake. Sakafu inatetemeka, naisikia kwenye nyayo. Watu wa hotelini ninakopeleka mzigo wanageuka kutazama. Nikinyoosha usukani, kimya. Asubuhi gari likiwa la baridi silisikii, likishapata moto ndipo linaanza. Lami iliyonyooka, hata nikifika 80, hakuna kitu.

Fundi wangu alisema ni beringi ya nyuma kulia. Ikabadilishwa, mlio upo. Akasema basi ni ya kushoto. Ikabadilishwa, upo. Sasa anataka nitafute difu zima la mtumba, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Kabla sijatoa hela hiyo, nyie mngeanzia wapi? Na asije mtu akaniambia niuze ninunue IST. IST haibebi trei zangu.

Dogo wa Block T

Uza ununue Probox basi, hiyo inabeba 😂

Natania mama. Tairi zote nne ni saizi moja na zimelika sawa? Kuna jamaa yangu alifunga mbili mpya nyuma, mbele akaacha vipara, gari la 4WD likawa linalalamika kila kona.

Mzee wa Boxer

Mimi ni mtu wa Subaru, Forester SG5 otomatiki. Yangu ilikuwa inakaza kwenye kona za maegesho, unahisi kabisa gari linashikwa kwa nyuma na kuruka ruka. Kwenye Subaru otomatiki za zamani kuna nafasi ya fyuzi kwenye boneti imeandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, gari linabaki la kuvuta mbele tu. Nilichomeka, kukaza kukaisha, nikajua shida ni klachi ya kugawa nguvu ndani ya gia boksi, siyo magurudumu. Sijui kama Honda ina kitu kama hicho.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Honda hiyo haina fyuzi ya namna hiyo. Ukitaka kuifanya ivute mbele tu, unafungua propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, na kuiweka pembeni, gari linatembea bila shida. Mlio ukiisha ujue upo kwenye difu au propela yenyewe, ukibaki unarudi kwenye magurudumu. Lakini kwa huyu mama hatuhitaji kufika huko.

Mama Trei, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi salama. Mwambie fundi wako apumzike kwanza. Beringi ya gurudumu haingoji ukunje usukani kwenye maegesho ndipo ilie. Inavuma kufuatana na mwendo: unaanza kuisikia kwenye 50 au 60, inapanda na spidi, ukiachia mafuta bado ipo. Ukiliyumbisha gari kidogo kushoto, uzito unahamia kulia, na beringi ya kulia ikiwa mbovu inazidisha kelele. Mimi nikitaka uhakika nainua gari, mkono mmoja nashika springi ya shokapu, wa pili nazungusha tairi. Beringi iliyokufa inachezesha springi vidoleni hata kabla sikio halijapata kitu. Tairi lililolika kwa vipande nalo linavuma hivyo hivyo, kwa hiyo kabla ya kununua beringi yoyote hamisha za nyuma ziende mbele. Mlio ukihama nazo, beringi haina kosa.

Kugonga kwenye mashimo ni bushi, shokapu au linki za stebilaiza, si wewe. Mkwaruzo wa bati ni kijiwe kimenasa kati ya diski na bati lake la vumbi, si wewe pia. Kishindo kimoja unapotoka D kwenda R, hapo ningekagua krosi za propela na maunti za difu.

Wako ni wa kona, polepole, gari likiwa na moto. Kwenye CR-V za miaka ile mtu akinieleza hivyo sinyanyuki hata kutafuta jeki. Ni oili ya difu.

Difu la nyuma la RD5 si difu la kawaida. Ndani yake kuna pampu mbili. Moja inazungushwa na propela, maana yake inafuata magurudumu ya mbele. Ya pili inafuata ya nyuma. Mbele na nyuma zikizunguka sawa, oili inapita toka pampu moja kwenda nyingine bila presha. Ya mbele yakiteleza kwenye matope, pampu yake inazidi, presha inapanda na kubana sahani za klachi, nguvu inakwenda nyuma. Sasa ukikata kona kali, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo pampu zinatofautiana kidogo na sahani zinaguswa kidogo. Oili yake halisi ina dawa ya kuzifanya ziteleze kimya. Oili ikichoka, au ikiwa siyo yenyewe, sahani zinashika, zinaachia, zinashika, zinaachia. Hiyo ndiyo sauti yako.

Swali la Dogo ni la msingi. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungushia kila tairi. Za mbele zikiwa ndogo kuliko za nyuma, difu linafanya kazi siku nzima bila sababu na oili inaungua.

Na onyo kwa wote: asije mtu akainua magurudumu ya mbele peke yake, akawasha na kutia gia eti asikilize mlio unatoka wapi. Ya mbele yakizunguka na ya nyuma yamesimama, difu litaona mmekwama kwenye tope, litashika, na gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Swali langu moja tu: oili ya difu ilibadilishwa lini na waliweka ipi?

Mama Trei

Fundi, marahaba, nadhani nimekuzidi.

Tairi nimepima sasa hivi, zote nne ni sawa. Oili ndiyo imenishtua. Kabla ya Pasaka nilifanya sevisi kubwa gereji moja hapa mjini. Wakaniambia "tumemwaga oili zote mama, mpaka ya difu", nikalipa. Kabla ya hapo mlio huu sikuwa nao.

Halafu kuna kingine. Tangu sevisi ile, nikifungua mlango wa nyuma napata harufu ya mayai viza. Nimetoa trei zote, nimeosha zulia, nimesugua na ndimu. Hakuna yai hata moja lililopasuka.

Fundi wa Majengo

Mama, hilo si yai. Hiyo ni oili namba 90. Gia oili ina salfa, ndiyo inayonuka hivyo. Inawezekana walijaza kupita kiasi inatokea kwenye kipumulio, au walimwaga nje wakati wa kujaza na hawakufuta.

Hakikisha hivi. Ingieni chini kwa nyuma. Difu lina vizibo viwili vyenye tundu la mraba, raketi ya 3/8 inaingia yenyewe bila soketi. Anzeni na cha juu, siku zote. Ukimwaga kwa kizibo cha chini halafu cha juu kikagoma kufunguka, umebaki na gari lisiloondoka hapo. Cha juu kikifunguka, chovya kidole. Oili ya Honda ni nyepesi, inadondoka upesi. Namba 90 ni nzito, inavuta uzi, na pua itakwambia iliyobaki.

Ikiwa ndiyo, tafuta Honda Dual Pump Fluid II. Siyo ATF, siyo ya gia boksi, siyo "inafanana nayo". Difu linachukua takriban lita moja na chupa yake haifiki lita, kwa hiyo agiza zaidi ya moja. Kwako agiza za kumwaga mara mbili, maana namba 90 haitoki yote kwa mara moja, inabaki kwenye sahani. Weka na washa mpya za vizibo. Jaza mpaka oili ianze kurudi kwenye tundu la juu, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Baadaye tafuta uwanja, zunguka polepole usukani ukiwa umekunjwa, kushoto kisha kulia, ili oili mpya iingie kwenye sahani.

Difu la mtumba usinunue. Na lenyewe litakuja na oili ya nani?

Mama Trei

Mrejesho, kwa ajili ya watakaofuata.

Nilisimama pale pale fundi akifungua. Kizibo cha juu kilipolegea tu oili ikaanza kuchuruzika, walikuwa wamejaza kupita kiasi. Fundi alichovya kidole, akakinyanyua, uzi ukamfuata mpaka usawa wa kifua. Harufu ile ile ya nyuma ya gari. Hakusema neno.

Oili yenyewe Mbeya niliikosa, nikatumiwa na basi kutoka Kariakoo. Bei inauma, lakini ukilinganisha na beringi mbili nilizonunua bure, basi. Tulimwaga, tukajaza, nikaenda kuzunguka kwenye uwanja wa shule watoto wananishangaa. Mwanzoni iliendelea kulia, nikaanza kukata tamaa, kisha ikawa inapungua kila mzunguko. Nilitembea nayo wiki kadhaa, tukamwaga tena. Iliyotoka mara hii ilikuwa na weusi lakini haivuti uzi. Sasa nakata kona hotelini na trei zimejaa, hakuna anayegeuka.

Zile beringi za zamani fundi aliziweka kwenye boksi. Nimezizungusha kwa mkono, laini kabisa. Nimezichukua, hata kama sitazifunga.

Dogo wa Block T

Fundi, RAV4 ya baba nayo inavuma nyuma. Niweke hiyo hiyo ya Honda?

Fundi wa Majengo

Usithubutu. Difu la nyuma la RAV4 ya baba yako linataka gia oili ya GL-5, yaani ile ile iliyomtesa Mama Trei. Fungua uzi wako, useme inavuma kwenye mwendo gani na tairi zimelika vipi.