Isimila na Kalenga kwa siku moja: je, mzee mwenye goti bovu ataweza?

Swali
Ndugu zangu, salaam. Mwezi Agosti nitakuwa Iringa pamoja na baba yangu, mwalimu mstaafu wa historia mwenye umri wa miaka 71, ambaye alifundisha habari za zana za mawe za Isimila miaka nenda miaka rudi bila kuwahi kufika huko. Ningependa azione zile nguzo za mchanga, kisha tupitie Kalenga, kijiji cha Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Je, siku moja inatosha, na njia ya kushukia korongoni inamfaa mtu ambaye goti linamsumbua?

Mwenyeji wa Iringa
Karibuni sana. Siku moja inatosha, ila maeneo hayo hayako njia moja: Isimila ipo kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, ilhali Kalenga iko upande wa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Anzeni Isimila asubuhi, kwani jua likishapanda, kivuli korongoni ni cha kutafuta. Agosti ni kiangazi, hivyo njia haitelezi. Mzee achukue fimbo, na mwongozaji aelezwe habari ya goti kabla hamjaanza kushuka.

Mwalimu wa jiografia
Naomba niongeze jambo ambalo wageni wengi hulipita. Nguzo zile ni masalia ya ardhi iliyokuwa imeshikana, ambayo maji ya mvua yaliikata taratibu. Palipokuwa na tabaka gumu juu, tabaka hilo likawa kofia ya kuukinga udongo laini ulio chini yake. Isogeleeni nguzo moja mtazame mistari ya matabaka yake, na chini kabisa mtaona mchanga uliomomonyoka msimu uliopita. Ndiyo maana nawasihi sana msizipande wala kuchora majina, kwa maana mvua peke yake inatosha kuzila. Mchanga huohuo ndio uliofukia mashoka ya mkono yanayokadiriwa kuwa na miaka 260,000 hivi, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko aliyekwisha kutoweka duniani.

Mwenyeji wa Iringa
Kuhusu Kalenga: makumbusho ni madogo, lakini fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa humo. Mpeni mzee muda wa kukaa nalo kimya.

Muulizaji
Nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea baba majibu yote, naye ameuliza jambo moja tu: iwapo ataruhusiwa kulishika shoka mkononi.

Mwalimu wa jiografia
Amwombe mwongozaji kwanza. Yale atakayoyakuta ardhini ayaache palepale yalipo, kwa sababu mahali jiwe lilipolala ni sehemu ya ushahidi. Lakini akikubaliwa kulishika moja, aligeuze polepole na kupapasa alama za kuchongwa pande zote mbili.