Mjadala: Je, wanaanga wa Columbia walistahili kuambiwa yote?

Mtoa mada: Ndugu zangu, naomba tuitazame upya safari ya Columbia, chombo cha anga cha Marekani. Tarehe 16 Januari 2003, sekunde zipatazo 82 baada ya kuruka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi la nje kikagonga ukingo wa bawa la kushoto. Wahandisi walioitazama video siku iliyofuata waliingiwa na hofu, na baadhi yao wakataka jeshi lisaidie kupiga picha za bawa hilo chombo kikiwa bado angani, lakini viongozi wa safari hawakuliafiki ombi hilo. Tarehe 23 wanaanga walipelekewa barua pepe iliyotaja povu na kuwahakikishia kwamba hapakuwa na hofu yoyote kuhusu kurejea. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika juu ya Texas, wote saba wakafariki. Je, kuwaficha shaka ya wahandisi kulikuwa halali?

Rubani Mstaafu: Uwaambie ili wafanye nini? Columbia katika safari ile haikubeba mkono wa roboti, obiti yake haikuiwezesha kufika Kituo cha Kimataifa cha Anga, wala hapakuwa na vifaa vya kuziba tundu kwenye bawa. Ungewapa siku kadhaa za kusubiri kifo tu. Isitoshe, aliyekubali kupanda roketi ameshakubali kufa, na maombolezo yetu ya leo hayawaongezei heshima.

Binti wa Mwalimu: Sentensi yako ya mwisho imenichoma, kaka. Mtu hukubali hatari aliyoelezwa. Ile aliyofichwa hakuikubali, amebebeshwa. Christa McAuliffe, mmoja wa saba waliokufa ndani ya chombo cha Challenger, alikuwa mwalimu wa sekondari kutoka New Hampshire, si rubani wa majaribio. Usiku wa 27 Januari 1986, Roger Boisjoly na wahandisi wenzake wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo hicho, walisisitiza katika kikao cha simu kwamba Challenger isirushwe kwenye baridi ile, kwa kuwa pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hizo hupoteza unyumbufu zikipoa, na Allan McDonald, mwakilishi wa kampuni aliyekuwa Florida, akakataa kutia saini. Wakubwa wa kampuni wakageuza msimamo baada ya kubanwa na NASA, shirika la anga la Marekani, na wale saba wakapanda bila kujulishwa mabishano hayo. Chombo kilisambaratika sekunde ya 73. Niambie, mwalimu yule alikubali nini?

Rubani Mstaafu: Dada, usinitwishe kauli nisiyoitoa. Sijasema viongozi hawana lawama. Nasema wenye kazi hii huijua. Vladimir Komarov, mwanaanga wa Muungano wa Kisovieti, alipopanda chombo cha Soyuz 1 mwezi Aprili 1967, majaribio ya chombo kile bila watu yalikuwa yameharibika, na bado akapanda. Parachuti kuu haikutoka, ya akiba ikajisokota. Ujasiri ninaouzungumzia ni huo.

Mpenda Historia: Mfano huo unakupinga, mzee wangu. Mfumo uliompandisha Komarov ndio uleule ulioficha kifo cha mwanaanga mwanafunzi Valentin Bondarenko, aliyeungua Machi 1961 katika chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi, na raia wa nchi yake hawakusimuliwa waziwazi hadi 1986. Kama Wamarekani wangejua mapema, huenda wanaanga wao Grissom, White na Chaffee wasingeteketea kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1.

Fundi Mitambo: Hapo nakukatalia. Wamarekani hawakuhitaji kufundishwa na Moscow, kwa maana moto ulikwisha kuwaka katika vyumba vyao wenyewe vya majaribio ya oksijeni. Namjibu pia Rubani: tarehe 27 Januari 1967 wale watatu hawakuwa wakirushwa popote. Roketi haikuwa na mafuta, na ndiyo maana jaribio lile halikuhesabiwa kuwa la hatari na vikosi vya zimamoto na uokoaji havikuwekwa tayari. Chombo kilijazwa oksijeni tupu kwa shinikizo lililozidi la hewa ya nje, na mlango wake ulifungukia ndani, kwa hiyo moto ulipolipandisha shinikizo hilo hakuna nguvu za binadamu zilizoweza kuuvuta. Mwaka uliotangulia, wanaanga hao walimpa meneja wa mradi, Joseph Shea, picha yao wakiwa wameinamisha vichwa kwa sala mbele ya mfano wa chombo. Hao hawakuwa wamekubali kufa. Walikuwa wakiomba chombo kirekebishwe.

Mtoa mada: Nawashukuru, ila Columbia imeachwa nyuma. Bodi ya uchunguzi ya Admirali Harold Gehman iliitaka NASA ipime kama uokoaji ungewezekana, na ikaonekana kwamba, uharibifu ukijulikana mapema, wanaanga wangeweza kubana matumizi hadi tarehe 15 Februari, na chombo kingine, Atlantis, kilichokuwa kikiandaliwa kuruka Machi, kingeharakishwa kiwafuate kikiwa na wanaanga wanne. Ingekuwa safari ngumu isiyovumilia kosa hata moja, lakini iliwezekana.

Rubani Mstaafu: Kwa hiyo ungewatuma wanne wengine kwa tangi lenye povu lilelile? Wakifa nao, lawama angeibeba nani?

Binti wa Mwalimu: Ningewauliza wao. Wanne waelezwe, wakubali au wakatae, na wale saba waelezwe vilevile, kwa kuwa Rick Husband ndiye aliyekuwa kamanda, na kamanda asiyejulishwa hali ya bawa lake amenyang'anywa ukamanda. Unarudia kwamba walikubali. Mimi nauliza ni lini walipewa nafasi ya kukubali.

Rubani Mstaafu: Picha za bawa zilipaswa kupigwa, na hilo sibishani nalo. Lakini karatasi ya kuwatuma wale wanne nisingeitia saini, hata kama wangeniomba wenyewe.