Kampuni inataka tujitolee kwa jamii, tufanyeje isiwe ya kupiga picha tu?

Mdau_Tabata
Wakuu habari za leo. Nipo kampuni moja kubwa hapa Dar, ukijumlisha na matawi ya mikoani tunazidi wafanyakazi elfu moja. Mwaka huu menejimenti wameamua kila idara iwe na mpango wa kujitolea na mimi nimewekwa kwenye kamati, na kiukweli hii kitu naipenda sitaki iharibike. Miaka ya nyuma ilikuwa Jumamosi moja mnagawiwa fulana, mnapanda basi mpaka kituo cha watoto, mnashusha mchele na mafuta na sabuni, watoto wameshapangwa juani wanaimba, bosi anakabidhi, picha, mnarudi. Usipoenda jina lako linasomwa kwenye kikao cha Jumatatu. Watu wameichukia, mtu wiki nzima anatoka nyumbani mtoto amelala anarudi amelala halafu unamchukulia na Jumamosi.

Sasa naomba uzoefu, tufanye muda wa kazi au wikiendi? Na kitu gani kina faida ya kweli?

MzeeWaVipengele
Mkuu hilo la kusoma majina lifuteni kwanza kabla ya lingine lolote. Aliyelazimishwa hajajitolea, huyo kafanya kazi, na kama ni kazi basi kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi hapo ni ovataimu, ovataimu inataka makubaliano na inalipwa mara moja na nusu. Mtu kamaliza saa zake Ijumaa mnampandisha basi Jumamosi kwa lazima, akienda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) mtaanza kutafutana. Wekeni siku za kazi, anayetaka aende na asiyetaka abaki mezani kwake bila kuulizwa.

Tichaa_Uswazi
Nashukuru kwa hili swali maana mimi nipo upande wa wanaoletewa. Nafundisha shule ya msingi ya serikali, watoto ni wengi mno, na kuna mwaka ilikuja kampuni kubwa kutupaka rangi. Hawakuuliza. Walipiga simu Alhamisi kwamba wanakuja Jumamosi tuandae watoto, basi walimu tukaacha mambo yetu tukaja, watoto wakaja na sare kabisa siku ya mapumziko. Wakapaka ukuta unaotazama barabarani, wakachora na nembo yao, ule wa upande wa madarasa ukabaki vilevile, saa saba wakaondoka wakatuachia makopo nusu na brashi zilizokauka.

Sasa sikia, sisi shida yetu ilikuwa matundu ya vyoo. Mwongozo wa serikali unasema tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, sisi hata karibu na hapo hatukuwa, mapumziko ya dakika chache foleni ya wasichana inapinda mpaka nyuma ya jiko, na hawa wa darasa la sita na la saba wakiwa kwenye siku zao wengine hawaji kabisa shule. Mwalimu mkuu angeulizwa swali moja tu angelitaja hilo kabla hujamaliza kuuliza. Na siyo kwamba tunadharau rangi jamani, rangi ni nzuri, ila ile hela ya fulana, basi, chakula na mpiga picha ingetutoa mbali. Kwa hiyo Mdau nendeni watu wawili tu kwanza, bila kamera, mkae na mwalimu mkuu na kamati ya shule, muulize, mwandike, mrudi mkapange bajeti.

Bi_Rasilimali
Naunga mkono mwalimu 100%. Mimi ni HR (rasilimali watu), ofisini kwetu unaomba siku ya kujitolea kama unavyoomba likizo, bosi wako anasaini na mshahara haukatwi. Huko Marekani ni jambo la kawaida, kampuni ya programu za kompyuta ya Salesforce wanatoa siku 7 kwa mwaka zenye malipo, Microsoft wao kila saa unayojitolea wanaichangia ile taasisi dola 25, kwa hiyo muda wako unageuka kuwa hela.

Ila kikubwa tulichojifunza ni kutumia ujuzi wa watu. Kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 2008 walianza kupeleka timu za wataalamu wao nchi nyingine kwa kama mwezi mmoja, Tanzania ikiwemo kwenye zile za mwanzo, wanakaa na taasisi za wenyeji wanawasaidia mambo ya biashara na teknolojia. Sisi hatuna uwezo huo lakini tuna wahasibu, na kulikuwa na kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu kinakosa wafadhili kwa sababu hesabu zao ziko kwenye daftari na risiti zimejaa kwenye boksi la viatu. Wahasibu wetu wawili wakawa wanaenda kila Jumatano mchana, wakapanga risiti mwezi kwa mwezi, wakawafungulia Ekseli, wakamfundisha yule dada wa ofisini mpaka akaweza mwenyewe. Hakuna picha hata moja ila mkaguzi alipokuja hesabu zilisimama.

Nesi_Temeke
Naongeza la damu. Kampuni nyingi zinachangia mara moja kwa mwaka kwa mbwembwe, shida ni kwamba damu haitunziki, chupa nyingi mwisho ni siku 35 hivi kwenye friji. Wanafunzi wa sekondari ndio wachangiaji wetu wakubwa, shule zikifungwa Juni na Desemba tunahangaika, mama kajifungua anavuja damu na ndugu wanakimbizana kutafuta mtu. Kampuni ya watu elfu moja mkigawana makundi mkaongea na Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) waje ofisini kwenu kila robo mwaka mtaokoa watu kweli. Mwanaume anaweza kuchangia kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, muwe na kilo 50 na kuendelea. Na msikose huo Desemba, hata siku ya kimataifa ya wanaojitolea ni tarehe 5 ya mwezi huohuo.

Mdau_Tabata
Aisee nimepata vya kupeleka kwenye kamati. Naenda na mambo ya siku zenye malipo, damu kila robo mwaka, na shule moja tukae nayo miaka kadhaa badala ya kuhama kila mwaka. Mwalimu, hapo kwenye shule tunaanzia wapi, tunaingia tu getini?

Tichaa_Uswazi
Hapana, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu, mwalimu mkuu peke yake hawezi kuwaruhusu kujenga. Na kwenye vyoo mtengee hela ya maji kabisa, matundu bila maji yanafungwa mapema.