Kurusha okestra mubashara redioni: nizuieje mtambo usizimeze sauti ndogo?

Fundi_Ziwani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi mitambo wa redio ndogo hapa Mwanza. Kuna vijana wa kwaya na bendi ya matarumbeta waliojiunga na wapiga vayolini na chelo (ile kama vayolini kubwa, ya sauti nzito), sasa wamefika kama 40, wanafanya tamasha kwenye kanisa moja upande wa Nyakato. Mwaka jana tuliwarusha mubashara, na nina kidonda mpaka leo.

Kuna kipande kilichoanza na chelo mbili tu, taratibu, kama mtu anayemwimbia mtoto aliyekwisha kusinzia. Watu walitulia mpaka feni za darini zikasikika. Mimi niko nyuma na hedifoni zangu, napata kila kitu. Kumbe kule studio tuna kifaa cha kukagua ukimya: sauti ikishuka chini ya kiwango kwa sekunde 10, kinajua matangazo yamekatika, kinajiwashia faili la akiba. Kikawasha. Chelo zinaendelea kanisani, hewani linapita tangazo la duka la vifaa vya ujenzi.

Mama yangu yuko Nansio, Ukerewe. Alikaa na redio yake mezani tangu saa kumi na mbili, kwa sababu mmoja wa wale wa chelo ni kitindamimba wake. Kipande kilipokwisha akanipigia: "Mwanangu, mdogo wako atapiga saa ngapi?"

Nilishindwa kumjibu.

Hata pale kifaa hakikuingilia, prosesa ya kwenye transmita ilipandisha kila kilicho kidogo na kubana kila kilicho kikubwa, chelo mbili zikatoka na ukubwa uleule wa bendi nzima. Nina maiki mbili nzuri za kondensa, nne za kawaida, mikisa ndogo, laptopu, na simu mbili za kurushia kwa intaneti. Safari hii nataka mama asikie. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Mikisa

Pole sana mdogo wangu. Hilo la mama limenigusa.

Kifaa cha ukimya kizimwe kwa saa zote za tamasha, na kwenye kiti chake akae mtu mwenye hedifoni anayewasiliana na wewe kwa simu. Mtu anajua tofauti ya chelo na laini iliyokatika. Prosesa nayo ilegezwe, ibaki ya kuzuia kishindo tu kisipite kipimo.

Baada ya hapo kazi ni ya mkono wako. BBC ilipoyachukua matamasha ya Proms ya London mwaka 1927, redio haikuwa na mashine ya kufikiri kwa niaba ya fundi. Sauti iliongozwa kwa mkono, na mtu anayesoma muziki akiwa na nota mbele yake. Okestra ina masafa makubwa mno kati ya mnong'ono na kishindo, redio ya mezani jikoni haiwezi kuyabeba yote, kwa hiyo lazima uyapunguze. Ila punguza kwa namna ambayo sikio halikushtukii. Muziki ukishaingia kwenye utulivu, pandisha kidogokidogo, ukitumia nusu dakika nzima. Ukiona kwenye nota kishindo kinakuja, anza kushusha mapema, polepole vilevile, ili kikifika kiwe na pa kurukia. Anayesubiri kishindo ndipo avute kidhibiti chini amekwisha kuharibu.

Maiki mbili za kondensa ziweke kwenye stendi moja ndefu, mita tatu juu, nyuma kidogo ya mwongozaji. Redio ya Ufaransa ilikuwa na mpango wake ambao mafundi wanautumia hadi leo: sentimita 17 kati ya maiki na maiki, kila moja ikitazama upande wake, pembe ya nyuzi 110. Moja ya kawaida kwa kwaya, moja kwa mtangazaji. Usimpe kila mpigaji maiki yake. Halafu usikilize kwa spika moja, maana redio ya mama ina spika moja.

Simu mbili ziwe na laini za mitandao tofauti. Na rekodi kwenye laptopu, lolote likitokea kuna marudio.

Feni zizimwe. Watatoka jasho, watavumilia.

Besi_Kubwa

Kaka, mimi napiga besi na nota nasoma. Siku hiyo sipigi, nitakaa pembeni yako nikuguse bega kabla ya kila badiliko. Lakini tufanye zoezi zima siku moja kabla, muda uleule, huku unarusha hadi studio bila kwenda hewani.

Kanisa lile ni la bati. Mvua ikianguka hata tromboni hatuzisikii, kwa hiyo isiwe Aprili wala Novemba. Julai ni salama.

Na mtangazaji aeleze mapema nani amekaa wapi na chelo inafananaje, kisha anyamaze mpaka makofi. Anaweza hata kusimulia ya Kinshasa, ile okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ambayo uzi wa vayolini ukikatika waliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli. Mama wa Nansio ataelewa vijana wake wanatoka kwenye ukoo gani wa muziki.

Kayenze_Mwaloni

Habari zenu. Mimi si fundi, ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana sikusikia chochote kwa sababu mliweka tamasha siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi, na giza ndiyo kazi yetu, usiku kucha tuko majini na taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawazifuati taa, tunakuwa nyumbani tunashona nyavu. Wekeni siku za mwezi mpevu. Mwalo wetu una redio nyingi kuliko mnavyodhani.

Fundi_Ziwani

Asanteni sana. Mzee, shikamoo, nimeyaandika yote kwenye daftari la zamu. Kijana mmoja wa studio ameshakubali kukaa badala ya kile kifaa.

Mkuu wa Kayenze, hilo la mwezi halikuwahi kunijia. Kesho nakwenda kwa mwongozaji na kalenda, tutafute Jumamosi ya Julai iliyo karibu na mwezi mpevu.

Besi, njoo na nota za kile kipande cha chelo. Nataka tuanze zoezi na hicho.