Ushauri: Heat kwenye 4K, nihame kutoka Blu-ray yangu ya 2009 au nibaki nayo?

Mtazamaji

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba mawazo yenu kuhusu Heat ya Michael Mann, ile filamu ya 1995 ya polisi na majambazi, ya Al Pacino na Robert De Niro. Miaka yote nimekuwa nikiitazama kwenye Blu-ray ya 2009 na sina ugomvi nayo. Sasa nimeazimwa diski ya 4K (yenye nukta nyingi za picha kuliko Blu-ray ya kawaida) iliyotoka Agosti 2022 niijaribu kabla sijanunua ya kwangu, na niko njia panda.

Undani umeongezeka, hilo halina ubishi. Nyuzi za suti zinaonekana, mikunjo ya uso wa De Niro inaonekana. Lakini picha nzima ni nyeusi kuliko niliyoizoea. Ngozi zimepoa, mchana wa Los Angeles umeelekea kwenye buluu, na mtu akivaa nguo nyeusi kwenye chumba chenye kiza unabaki na kichwa kinachoelea. Halafu kuna chembechembe zinachezacheza angani. Upande wa sauti, mazungumzo yako chini kiasi kwamba naongeza, kisha wale jamaa wanatoka benki na nyumba nzima inaamka.

Runinga yangu ni ya 4K ya daraja la kati, na sauti inatoka kwenye spika zake zenyewe. Je, hii diski ndivyo ilivyo, au tatizo liko kwangu? Filamu hii naipenda sana, nataka toleo ambalo nitakaa nalo.

Fundi Skrini

Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja unachokiona badala ya kuuliza tu "ni nzuri au mbaya".

Kuna mambo mawili yamechanganyika hapo. La kwanza ni masta, yaani ile nakala mama ambayo diski imetengenezwa kutoka kwake. Diski ya 2009 ina masta ya zamani. Mwaka 2017 ilitoka Blu-ray nyingine iliyotokana na kazi mpya ya 4K, na Mann mwenyewe ndiye aliyeisimamia. Pale ndipo rangi zilipopoa na vivuli vikawa vizito. Diski ya 2022 inafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo sehemu ya giza unaloliona ni uamuzi wa mwongozaji.

La pili ni HDR, yaani mfumo unaopanua tofauti kati ya giza na mwanga kwenye picha. Diski hii ina HDR10 peke yake, haina Dolby Vision. HDR10 huipa runinga maelekezo ya mwanga ya jumla kwa filamu nzima, wakati Dolby Vision inaweza kuyabadilisha tukio kwa tukio. Runinga yenye mwanga mdogo ikipewa maelekezo ya jumla inalazimika kukisia, na nyingi hukisia kwa kushusha kila kitu ili ziokoe sehemu zenye mwanga mkali. Filamu ambayo nusu yake ni usiku huumia hapo.

Jinsi ya kujua tatizo liko wapi: tafuta mtu mwenye Blu-ray ya 2017 na utazame tukio lilelile. Haina HDR. Ikiwa nayo ni nyeusi, basi hiyo ndiyo masta ilivyo. Ikiwa inasomeka vizuri na 4K pekee ndiyo inazama, shughulika na runinga yako.

Ukiwa huko kwenye mipangilio, zima kihisi cha mwanga wa chumba na kila kinachoitwa kuokoa umeme. Zima pia kile kinacholainisha mwendo. Picha hii ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Runinga ikijitungia fremu za kujazia katikati, ule ukumbi wa benki unageuka tamthilia ya mchana.

Bibi Reli

Mimi niongelee hizo chembechembe, maana kila uzi wa 4K lazima mtu azilalamikie.

Mkuu, hizo siyo uchafu. Heat ilipigwa kwenye filamu ya milimita 35, na chembechembe ndizo zinazobeba picha yenyewe. Kampuni zikitaka kuzifuta hupitisha picha kwenye programu ya kusafisha, na programu haijui kutofautisha chembe na kinyweleo. Inafuta vyote, unabaki na sura za nta. Nimeona filamu nyingi za polisi na majambazi za miaka ya 80 na 90 zimeharibiwa hivyo, na sanduku limeandikwa "4K" kwa herufi kubwa.

Kipimo changu ni hiki: simamisha picha kwenye uso wa mtu aliye karibu na kamera, mwanga ukiwa wa kawaida. Vinyweleo, vitundu vya ngozi na jasho vikiwepo, diski imeheshimiwa. Kisha tazama ukingo wa jengo dhidi ya anga. Ukiona mstari mweupe umefuata ukingo kama kivuli, kuna mtu amenoa picha kupita kiasi. Heat ya 2022 inafaulu vyote viwili. Nenda kwenye runinga yako ushushe kitufe cha kunoa na uzime cha kupunguza kelele ya picha, ndipo utaona chembe zimetulia zikawa nyororo.

Mzee wa Masta

Naomba nitofautiane kidogo na Fundi Skrini. Kusema "mwongozaji amesimamia" hakufungi mjadala.

Kazi ya kamera ni ya Dante Spinotti, na watu walioiona sinema ile 1995 hawakuona rangi za 2017. Mann ana tabia ya kurudi kwenye filamu zake na kuzigusa tena, na ana haki hiyo. Lakini mimi mnunuzi nami nina haki ya kutaka filamu ilivyotoka. Ile nyumba ya pembeni ya bahari, De Niro amesimama dirishani, ilikuwa buluu tangu mwanzo na buluu yake ilikuwa na maana kwa sababu matukio mengine hayakuwa hivyo. Ukiipoza filamu yote, buluu ya pale inapoteza nguvu. Hili naliona kama hasara kubwa, na undani ulioongezeka haunifidii.

Ushauri wangu: hata ukinunua 4K, usiigawe ile ya 2009. Ina mgandamizo wa kizamani na undani mdogo, lakini ndiyo kumbukumbu ya rangi za awali uliyo nayo mkononi.

Bibi Reli

Hapo kwenye nyumba ya bahari nakubaliana na Mzee. Ila vivuli vya 2009 navyo viliinuliwa mno, usiku ukawa kijivu. Lile tukio la mwisho uwanja wa ndege, taa za njia ya ndege zikiwaka na kuzimika, linahitaji weusi wa kweli. Bila weusi huo, ule mchezo wa kivuli unaoamua nani anapona hauna uzito.

Sikio

Sauti sasa, kwa sababu kwa filamu hii sauti ni nusu ya bei.

Mapigano ya nje ya benki yanasifiwa mpaka leo kwa sababu Mann alitumia milio iliyorekodiwa palepale mtaani wakati wa kupiga picha. Risasi zinagonga majengo marefu ya katikati ya Los Angeles na kurudi. Huo mwangwi ndio unaokutisha. Diski ina sauti ya aina ya DTS-HD Master Audio ya chaneli 5.1 (tano za kawaida na moja ya besi), isiyopoteza data. Hawakuongeza Dolby Atmos, ile inayoleta sauti mpaka juu ya kichwa, na mimi nashukuru; hakuna kitu cha kuleta kutoka darini pale.

Tatizo lako la mazungumzo kuwa chini ni la spika za runinga. Mchanganyiko huu unaacha pengo kubwa makusudi kati ya mnong'ono na bunduki, na mazungumzo karibu yote yako chaneli ya katikati. Runinga inapominya chaneli sita ziwe mbili, maneno yanafunikwa. Kama huna mpango wa kununua spika karibuni, washa hali ya usiku kwenye mashine ya diski, inapunguza hilo pengo. Utapoteza mshtuko wa risasi ila utasikia maneno. Ukija kununua, anza na spika ya katikati kabla ya ile ya besi.

Mtazamaji

Nawashukuru sana. Nimezima kihisi cha mwanga na kuokoa umeme, nimeshusha kunoa, na tofauti ni kubwa. Kichwa kimepata mwili. Ngozi bado zimepoa, kwa hiyo hilo naona ni masta yenyewe kama alivyosema Fundi. Hali ya usiku nimeiwasha pia, Pacino sasa anasikika hata anaponong'ona.

Swali dogo: kwa nini nisitazame tu mtandaoni kwa 4K? Na nyongeza za kwenye diski zina maana yoyote?

Fundi Skrini

Mtandaoni 4K mara nyingi huja kwa megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde. Diski ya 4K inaruhusiwa kufika 128. Chembechembe ni ghali sana kuzigandamiza kwa sababu kila fremu ni mpya, hivyo huduma za mtandaoni ama huzilainisha au huziacha zigeuke vijiboksi kwenye giza. Kwa filamu safi ya kidijitali tofauti ni ndogo. Kwa Heat utaiona kwenye anga la usiku mara moja.

Mzee wa Masta

Nyongeza zina maana. Maelezo ya Mann anayoyatoa filamu ikiendelea ni darasa kamili. Mhusika wa De Niro, Neil McCauley, alikuwa jambazi halisi aliyeuawa Chicago mwaka 1964, na polisi aliyemfuatilia, Chuck Adamson, ndiye aliyemsimulia Mann. Kabla ya Heat, Mann alishaipiga hadithi hiyohiyo kama filamu ya runinga mwaka 1989. Ukijua hayo, kile kikao cha kahawa cha Pacino na De Niro unakitazama kwa jicho jingine. Tangu toleo la 2017 kuna pia mazungumzo ya 2016 yaliyoendeshwa na mwongozaji Christopher Nolan. Hayo usiyaruke.

Mtazamaji

Basi nanunua 4K, na ya 2009 inabaki kabatini kama alivyoshauri Mzee. Kuna toleo la kuepuka?

Sikio

Epuka DVD za PAL, ule mfumo wa runinga uliotumika Ulaya na sehemu nyingi za Afrika. Zinaendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24, hivyo dakika 170 zinakuwa kama 163, na isiporekebishwa hata sauti za watu huwa nyembamba. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, yaani hazizuiwi kucheza kwenye mashine za eneo jingine la dunia, agiza popote itacheza. Ila Blu-ray ya kawaida iliyomo kwenye sanduku hilohilo inaweza kuwa imefungwa kwa kanda A, B au C, kwa hiyo kama unazitaka nyongeza zilizowekwa humo, soma alama ya nyuma ya sanduku kwanza.