Naomba ushauri: mkusanyo wa picha za ndege za pangaboi, Songwe

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Naandaa mkusanyo wa picha 20 wenye mada moja: ndege za pangaboi na hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini. Nyingi ni Dash 8-400 na ATR pale uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, lenzi ya milimita 100-400, nje ya uzio na kwa ruhusa.

Shida ni kwamba picha hazikai pamoja. Za asubuhi zina ukungu na rangi ya kijivu, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ni sekunde 1/125. Dash 8-400 ikiruka, pangaboi huzunguka mara 1,020 kwa dakika, hivyo 1/125 hunasa kama nyuzi 49 za mzunguko na mwendo unaonekana. Ukipanda hadi 1/1000 mapanga yanaganda, ndege kama imezimika injini angani! Za mchana rangi imekolea, ila joto linalopanda kutoka kwenye lami limeyumbisha maandishi ya ubavuni, na hilo kulinoa kwenye programu hakusaidii.

Nimejaribu kupanga kwa aina ya ndege, ikawa katalogi tu. Nikazigeuza zote nyeusi na nyeupe: zimeelewana, lakini kijani cha milima kimekufa.

Naombeni mawazo kwa haya mawili. Nipange kwa saa, ukungu hadi jioni, na za mchana nibakize zilizopigwa karibu tu? Na ile A220 yenye mandhari bora kuliko zote, niitoe kwa kuwa ni jeti? Mimi naelekea kuitoa, roho inasita.